Mgeni Tuliyempelekea Mukeke

Hamisi mwanangu,

Sina haja ya kukuuliza hali, maana uko chumba cha pili na ninakusikia ukikohoa. Nimeona nikuandikie badala ya kukuita, kwa sababu unanijua. Nikikuita utakaa mbele yangu, nitaanza kusema, nitasema mpaka usinzie, na asubuhi utaondoka na maneno yangu yote isipokuwa lile moja unalolingoja. Kwenye karatasi angalau siwezi kupaza sauti. Dada yako Mwajuma ataitia barua hii kwenye mfuko wako, na nakuomba usiifungue mpaka mmeipita Nyanza-Lac.

Mambo ya lesepase, ile karatasi ya kuvukia, ya namba za simu, ya kutomwachia mtu yeyote mzigo wako pale mpakani, dada yako amekwisha kukwambia na amekwisha kuyarudia. Mimi simwongezei. Mama yako mkubwa huko Ujiji naye ana mdomo wake, hutakosa wa kukufundisha kukunja shuka.

Neno unalolingoja nalijua. Tangu siku ile ya Minago unangoja nikwambie kama nimeridhia uende au sijaridhia. Hukuniuliza tena hata mara moja. Ulinisaidia kuanika visamaki vyetu vya ndagala, ukatengeneza bawaba ya mlango wa jikoni, ukawa unanitazama tu. Na mimi nikakaa kimya, mimi ambaye majirani wananiita redio. Sasa umefunga mzigo bila neno langu, na sikulaumu, umesubiri vya kutosha. Nataka kukujibu, lakini jibu langu halitaeleweka nisipopita kwanza kwenye mabaraza yetu yale yaliyotutoa jasho. Ulikuwepo, ndiyo. Lakini ulikuwa umekaa mahali pako, na mimi nataka uyaone kutoka mahali pangu.

Baba yako alipochukuliwa na ziwa alituachia mitumbwi miwili, ile iliyofungwa pamoja kwa miti. Wavu unaoshushwa katikati ulikuwa wa ndugu yake, baba yako mdogo Shabani. Na mikono ya kuuvuta ilikuwa ya Nestori na wenzake, waliovuka kutoka upande wa Kongo wakiwa vijana na kuzeekea kwenye kazi yetu. Mitumbwi huku, wavu kule, watu kwingine. Baba yako alipokuwa hai hakuna aliyewahi kuliona jambo hilo, kwa sababu yeye alikuwa kamba iliyofunga vyote. Alipoondoka tukaonekana jinsi tulivyo.

Baraza la kwanza nililiitisha mimi, hapa sebuleni, baada ya arobaini. Nilipika pilau. Niliomba mtu asome dua, halafu nikasema. Nilisema kwa muda mrefu na nilisema vizuri, nilijisikia mwenyewe kwamba nasema vizuri. Nikawaambia kazi itaendelea kama zamani, na kwamba wewe Hamisi utakaa nafasi ya baba yako. Wewe ulikuwa mkono wangu wa kulia. Nilikupiga bega nilipotaja jina lako, na bega lile lilikuwa gumu kama ubao. Nikadhani ni huzuni. Nikadhani labda ni fahari pia. Kisha nikauliza, "Kuna mwenye neno?" Watu wakala pilau. Hakuna aliyekuwa na neno, nikalala usingizi mzuri nikiamini tumekubaliana.

Mwanangu, watu wakinyamaza mbele yako baada ya wewe kusema peke yako, usiwahesabu kwamba wamekubali. Wiki ile ile vijana wawili wa Nestori walihamia kwenye mitumbwi ya watu wengine, na mimi nikawaita wasaliti mbele ya wake zao.

Baraza la pili aliliitisha Shabani kwake Gatete, na akaliendesha yeye. Alitaka mitumbwi ihamishiwe kule, kwa sababu maji yamepanda na kuula uwanja wetu wa kuanikia hapa Rumonge, na yeye ana kiwanja cha juu. Jambo lenyewe halikuwa baya. Lakini nilipomwona amekaa kwenye kiti cha mbele, anatoa nafasi ya kusema, anaikata, anatoa hukumu, anajishukuru, nikamwambia hadharani kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Naye akanijibu, "Na sebuleni kwako shemeji, ngoma ilikuwa inavutwa na nani?" Niliondoka na viatu mkononi. Njia nzima kutoka Gatete nilimtukana moyoni.

Nikaenda kwa bashingantahe. Wale ni wazee wa haki na sina neno baya juu yao. Walitusikiliza kila mmoja, wakashauriana pembeni, wakarudi na hukumu kama ilivyo kazi yao: mitumbwi ni ya mjane na watoto wa marehemu. Nilirudi nyumbani nikipiga vigelegele barabarani, aibu tupu, mtu mzima na kanga inaburuta. Asubuhi yake Shabani alikuja na watu wake akachukua wavu wake. Alikuwa na haki, hukumu haikusema kitu juu ya wavu. Na Nestori akaja mlangoni, kofia mkononi, heshima yote.

"Mama, siye hatuna kesi na weye," akaniambia. "Lakini kazi ya kuvuta inataka batu benye banasikilizana. Usiku ku maji, mutu mwenye hasira anaweza kukuachia kamba. Siye tutatafuta pahali pengine."

Basi nilishinda kesi nikapoteza watu. Mitumbwi ilikaa pale ufukoni, maji yakipanda kila mwezi, mpaka yakawa yanalamba mbao zake. Nilikuwa nakwenda kuitazama asubuhi na kukutuma uisogeze juu. Uliisogeza.

Mwajuma ndiye aliyeleta habari za Madamu Spesi. Kule alikoolewa, Nyanza-Lac, kulikuwa na familia mbili zenye shamba moja, moja haikuondoka nchini na nyingine ilirudi kutoka ukimbizini Tanzania, na walikuwa hawasalimiani hata kisimani. Huyu mama aliketi nao mpaka wakagawana michikichi, na leo wanakamulia pamoja. Si hakimu, si mtu wa serikali, ni mkulima wa mihogo wa milimani ambaye watu wamemzoea kwa kazi hiyo. Mwajuma alisema, "Mama, tunataka mutu asiye na fungu kwetu." Mimi nilisikia nilichotaka kusikia. Nilisikia kwamba binti yangu anamjua, kwa hiyo mgeni atakuwa wa kwangu. Nakuungamia wazi: sikumwita yule mama atusaidie kuamua. Nilimwita aje aseme kwa sauti ya mgeni yale niliyokwisha kuyaamua, ili ninyi mtii. Hasa wewe.

Shabani naye si mjinga. Alisema huyo ni mtu wa Mwajuma, hamtaki. Na hapo ndipo nilipoanza kumstaajabia mama yule, kwa sababu hakukasirika wala hakujitetea. Alipanda basi akaja kumwona Shabani kwake, akaja kumwona Nestori, akaja na kwangu. Alikaa pale kwenye mkeka akanyoosha miguu, maana magoti yanamsumbua, akakataa chai, akanywa maji.

"Mama Mwajuma," akasema, "nataka unijibu wazi. Unanikubali ao unanikataa? Ukinikataa siye hatugombani. Nitarudi ku mihogo yangu."

Nikamwambia namkubali kwa mikono miwili. Alinitazama kidogo, nikahisi ameniona mpaka utumbo. Akasema mkutano hautakuwa kwangu, wala Gatete, wala kwa Nestori. Utakuwa Minago, kwenye banda la kukamulia mawese la mtu ambaye hakuna hata mmoja wetu anayemjua. Na utakuwa siku za mwezi mkubwa, wakati taa hazivuti samaki na wavuvi wote wako nchi kavu, ili asiwepo wa kuaga mapema kwamba anawahi majini.

Sasa nikwambie jambo ambalo hulijui lote. Sisi watu wa huku, ukituletea mtu wa kukaa katikati, hatuwezi kuamini kwamba amekuja bila hukumu mfukoni. Tunaanza kuilainisha hukumu kabla haijatoka. Siku moja kabla ya mkutano nilichagua samaki wawili wa mukeke, wanono, wabichi, nikawafunga matamvuani kwa ukambaa wa mgomba, kwa fundo la watu wa kwetu, nikampa mtu wa pikipiki za taksi-moto awapeleke Minago alikofikia mgeni. "Mwambie ni salamu tu," nikasema. Salamu! Mukeke wawili wakati kama ule!

Tulipofika bandani asubuhi, wewe ulikuwa nyuma yangu, hukuona uso wangu. Madamu Spesi alikuwa amewasha moto nje. Pembeni ya chungu kulikuwa na beseni, na ndani ya beseni wamelala mukeke wangu na fundo langu. Juu yao mukeke wengine, wamepasuliwa na kukaushwa kwa moshi kama wanavyofanya Gatete. Na kando, chupa ya mawese mekundu, kizibo chake kimefungwa kitambaa cha kitenge ambacho mke wa Nestori alikivaa Pasaka yote.

"Amahoro," akatusalimia yule mama. "Hivi vitu vimenifikia jana. Mie sijui nani alivituma, na sitaki kujua. Miye hapa sina kesi ya kumupa mutu. Siamui. Nashika zamu tu, kila mutu aseme na asikiwe. Kwa hiyo hii chakula ni ya siye wote, tutakula tukimaliza. Nani anajua kupika mukeke?"

Nestori alikuwa anakagua kidole chake cha mguu. Kisha Shabani akaanza kucheka, unakumbuka kicheko chake kile cha kikohozi, na mimi nikacheka kwa kutopenda, na nikajikuta nimekunja mikono ya gauni naparuza magamba, samaki wa Shabani pamoja na wangu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kucheka sote mahali pamoja. Niliona aibu, na aibu ile ilinitoa kiburi kidogo, si chote.

Halafu akasema ataanza na mdogo wetu kuliko wote, siyo mkubwa. Nilishtuka. Umeona wapi? Kwetu mdogo husema mwisho, wakati kila kitu kimekwisha kusemwa na kilichobaki ni kuitikia. Nilifungua mdomo nipinge, akaniinulia kiganja, taratibu, kama unavyomzuia kuku asiingie ndani.

Ukasema. Nayajua maneno yako yote, na nitayaandika hapa kama yalivyotoka.

"Mie sitaki mitumbwi, mama. Sitaki kwenda ku ziwa, hata kesho, hata mwaka ujao. Nikiona taa ku maji namuona papa yangu, marehemu. Naogopa. Nataka kujifunza cherehani kwa mama mukubwa ku Ujiji. Nilikuwa nakosa pahali pa kusemea."

Shabani hakungoja. "Kaka yangu hakuwa mutu wa kuogopa maji!" akasema, na akakutazama kana kwamba umetukana kaburi. "Huyu mutoto amechukua wapi woga?" Ukainamisha kichwa. Madamu Spesi akamwambia, "Zamu yako itafika, muzee," kisha akanigeukia mimi.

"Mama Mwajuma. Mutoto amesema nini?"

Nikajibu haraka, "Amesema amechoka na msiba, apumzike kidogo, halafu atarudi kazini."

Akakuuliza, "Ni vile umesema?"

Ukasema, "Hapana."

Nikajaribu tena. Nikasema, "Amesema kazi ya baba yake anaiona ya chini, anataka kukaa kivulini." Akakuuliza tena, na ukajibu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwako, sauti ya mtu mzima, "Hapana, mama. Sikusema vile."

Watu wote waliningoja. Mashine ya kukamulia ilikuwa imezimwa lakini harufu ya mawese ilikuwa nzito. Yule mama hakunihimiza wala hakunihurumia. Mwishowe nikakuomba uyaseme tena. Ukayasema tena, polepole zaidi. Na mimi nikayarudia, neno kwa neno, mpaka pale pa kumwona baba yako, na hapo nikajifunika uso kwa kanga, Mwajuma akaja kunishika, na yule mama akamwambia, "Muache kwanza, amalize." Nikamaliza. Nikasema, "Anaogopa." Akakuuliza, "Ni vile?" Ukasema, "Ego, ni vile."

Baada ya hapo mengine yalikuwa mepesi kuliko nilivyotazamia, ingawa yalichukua mchana wote. Sikiliza jambo la ajabu: yule mama hakuwa anajua kazi yetu. Kwao ziwa wanaliona kwa mbali tu kutoka mlimani. Alikuwa anauliza maswali ya kitoto. "Wavu bila mitumbwi unafanya nini?" Shabani akamjibu, "Unaoza." Akauliza, "Na mitumbwi bila wavu?" Shabani akanitazama, akasema, "Inaoza pia." Akauliza, "Na Nestori bila nyinyi?" Nestori akasema, "Miye siozi, mama, lakini nachoka kuwa mugeni ku mitumbwi ya batu." Hatukuwahi kusikia kwamba anachoka. Miaka yote ile alikuwa anasema ndiyo.

Ndipo likatoka lile unalolijua: Nestori aongoze kazi majini, wavu urudi, ndagala zianikwe kwenye kiwanja cha juu cha Shabani, na uanikaji wote na uuzaji uwe chini yangu na Mwajuma. Hakuna aliyepata alichokijia. Hata leo Shabani ananung'unika kwamba nimejaza kiwanja chake inzi, nami namwambia inzi wake walikuwepo kabla yangu. Lakini kamba inavutwa. Kila mwezi mkubwa tunaketi, na tunamwomba mtu asiye wetu atushikie zamu, na mara nyingine huyo mtu hasemi zaidi ya "ngoja" na "endelea." Kumbe inatosha.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Nilikuwa nautamka msemo ule tangu utoto nikidhani unahusu kuku wa mgeni, kwamba siku akija na sisi tunapata mchuzi. Siku ile nilipona mimi, na dawa ilikuwa chungu. Huko uendako, kwenye meza za washonaji, kutakuwa na siku mtagombana juu ya mashine, juu ya mteja, juu ya nani alale dirishani. Utakuwa na haki pengine. Ukiwa na haki ndipo uogope zaidi kukamata baraza wewe mwenyewe, maana mwenye haki hasikii. Mtafute mtu asiye na fungu, hata akiwa hajui kushona kifungo. Na usimpelekee mukeke.

Nilimchukia Madamu Spesi, nisikudanganye. Nilipokuwa namsindikiza barabarani nilimwuliza, "Ungekuwa weye, juu ya huyu mutoto ungeamua nini?" Akasema, "Ningeamua vibaya, maana simujui. Hili la mutoto si la mukutano, Mama Mwajuma. Ni la weye na yeye." Akapanda nyuma ya pikipiki na magoti yake mabovu, akaenda. Nilirudi nikiwa na hasira kwamba amenifungulia jeraha akaniachia nilifunge mwenyewe. Niliwaambia mnipe muda juu ya safari yako ya Ujiji, nitajibu. Na tangu hapo nikawa kama ulivyoniona miezi hii.

Watu walidhani nimekasirika kwa sababu unaiacha kazi. Wewe ulidhani nimekuonea haya. Nilimsikia Shabani siku nyingine akikutania kwamba damu ya baba yako imekupita pembeni, na nikaona ulivyogeuza uso, na sikumkanya. Hilo linaniuma kuliko yote, kwa sababu mimi peke yangu duniani ningeweza kumfunga mdomo.

Siku ile Minago nilikusikia tangu mara ya kwanza, Hamisi. Kila neno. Niliyageuza maneno yako kwa sababu nilikwisha kuyasikia zamani, kwa sauti ya mtu mwingine.

Tulikuwa hatujamaliza mwaka katika ndoa. Baba yako alikuwa amekaa kwenye kizingiti jioni, anasubiri wenzake wampitie, na mimi nachambua mchele. Akasema, bila kunitazama, "Mie naogopa haya maji. Kila siku nikipanda ku mutumbwi, nafikiri sitarudi. Nilikuwa nataka kazi ya nchi kavu." Na mimi nilicheka. Sikucheka kwa ubaya, nilikuwa msichana, nilidhani mume wangu ananitania. Nikamwambia, "Nenda bwana, wanaume wote wanakwenda." Akacheka na yeye. Akasimama akaenda. Hakulitaja tena neno lile mpaka anakufa, na mimi sikuwahi kumwuliza. Nilimwona kila jioni akitawadha kwa muda mrefu kuliko watu wengine, akisimama mlangoni kabla ya kutoka, na nikawa najisemea kwamba ni mtu wa dini sana.

Sisemi kwamba ndiyo sababu ziwa lilimchukua. Upepo ule ulipindua na waliokuwa hawaogopi. Lakini aliishi na woga wake peke yake, kitanda kimoja na mimi, kwa sababu aliniambia mara moja na mimi nikacheka. Ulipokuwa unasema pale bandani nilimsikia yeye, na nikawa siwezi kukurudia wewe bila kumrudia yeye. Kisha nikawa siwezi kukujibu. Nikikuruhusu, ninakubali kwamba hata yeye angeweza kuruhusiwa. Angekuwa fundi cherehani, au muuza chumvi, au chochote, na leo angekuwa anakohoa chumba cha pili pamoja na wewe.

Basi Shabani hajui anachokisema. Kesho asubuhi, ukiwa umekwisha ondoka, nitakwenda kwake Gatete nimweleze habari ya kaka yake, na atakasirika, na itabidi akae nayo. Wewe hukutoka tofauti na baba yako. Katika watoto wote aliowazaa wewe ndiye uliyefanana naye, mpaka na woga wake, isipokuwa wewe umepata mahali pa kuusema na watu wa kuusikia.

Nimeridhia, Hamisi. Nimeridhia kwa moyo wangu wote, na moyo huo unauma, lakini kuuma si kukataa. Radhi zangu unazo, ufaulu usifaulu. Cherehani ikikushinda rudi nyumbani, tutatafuta kazi nyingine ya nchi kavu, na hakuna mtu atakayekutajia mtumbwi mbele yangu. Nitakukosa vibaya sana. Sitalia kituoni, nimemwahidi Mwajuma, ila usinitazame muda mrefu.

Baba yako alikuwa hataki, nikamwambia nenda. Wewe unataka, na nusura nikuzuie.

Nenda, mwanangu.

Mama yako